Kichuguu kilichosawazishwa kwa wiki moja

Mama Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima. Nina miaka 37, nimeolewa, nina watoto watatu, na nimezaliwa Bel-Air hapa Lubumbashi, kwenye barabara ambayo hata leo watu huisifu kwa utulivu, kiasi kwamba mbwa akibweka saa nne za usiku kila nyumba hujua ni mbwa wa nani. Ninakuandikia kwa ajili ya jambo la Agosti 1996, nilipokuwa na miaka minane, na kwa sababu kabla ya mwezi huu kwisha natakiwa kutia sahihi kwenye karatasi za kuuza lupango, yaani kiwanja chetu na nyumba zake, ambamo jambo hilo lilitokea, kama kweli lilitokea.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kichuguu kikubwa, cha aina ile ambayo kila mtu wa hapa anaijua, kirefu kupita paa la nyumba ndogo ya uani. Wafyatua matofali walipokuja kuomba udongo wake, baba aliwakatalia daima, akisema kwamba kichuguu kimetangulia kuliko sisi na kitatusindikiza. Katika ile nyumba ndogo alipanga kijana fundi wa redio, na sisi watoto tulimwita Fundi tu. Alitupa mabaki ya waya wa shaba, tukatengeneza magari ya kuchezea.

Usiku mmoja niliamka kwa baridi, nikasikia jembe. Udongo wa kichuguu wakati wa kiangazi ni mgumu, na jembe likiupiga hulia kama linagonga sufuria. Niliona mwanga wa taa ya mafuta ukitembea ukutani, nikajifunika, nikalala tena. Asubuhi mama alituambia kwamba Fundi amekwenda Zambia kutafuta kazi, kwa njia ya Kasumbalesa. Wiki ile ile baba na kaka yangu mkubwa, ambaye sote tunamwita Yaya na ambaye wakati huo alikuwa na miaka 16, walikisawazisha kichuguu chote. Baba alisema anataka matofali. Hakuna tofali lililofyatuliwa, hakuna tanuru lililowashwa; udongo ulitandazwa uani ukashindiliwa.

Dada yake Fundi alikuja mara tatu kuuliza. Mara ya tatu alikaa chini ya mwembe wetu tangu asubuhi hadi jua likazama, na mama akampa unga uliofungwa ndani ya kitambaa. Alikwenda pia kutoa taarifa kwenye ofisi moja ya usalama, akajibiwa kwamba vijana wengi wanavuka mpaka. Baadaye vita vikaanza mashariki, mwezi wa Aprili 1997 vikafika mjini kwetu, Zaire ikaitwa Kongo na mkoa wetu wa Shaba ukaitwa tena Katanga, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtafuta kijana mmoja fundi wa redio. Lakini mama aliendelea kumpelekea yule dada unga kila mwezi, mpaka mwaka huu alipofariki. Baba alikuwa amekwisha kututoka mwaka 2011.

Tulipofungua sanduku la bati la mama, chini ya vitenge tulikuta kisanduku cha zana cha Fundi. Ndani mlikuwa na chuma cha kuchomelea, bisibisi tatu na kitambulisho chake cha uraia. Yaya alikitazama kitambo, akafunga kifuniko, akasema, "Vitu vya wafu vinachomwa." Usiku nilikichukua; sasa kipo kwangu juu ya kabati. Na mnunuzi amepatikana, naye Yaya amemwahidi kuimwagia saruji sehemu yote ya uani kabla ya kukabidhi, kwa gharama yake mwenyewe. Yaya huyu ndiye aliyetuomba wadogo zake tuchange nauli ya gari la maziko.

Kinachonitisha zaidi, Mama, ni kichwa changu mwenyewe. Zamani nilikumbuka jembe na taa, basi. Tangu mama afariki, kila usiku natazama filamu na kusoma riwaya za upelelezi, zile za mtaa mtulivu na maiti ya zamani, kana kwamba mwisho wa hadithi yangu umo ndani ya mojawapo. Sasa nikifumba macho namwona baba amevaa shati jeupe lenye damu, na namsikia Fundi akiita jina la dada yake. Mume wangu anasema kwamba miaka kumi iliyopita, nilipomsimulia kwa mara ya kwanza, hapakuwa na shati wala sauti.

Je, nimeanza kuwa na wazimu? Je, baba yangu, aliyetufundisha kusali na ambaye hakuwahi kunichapa, aliua mtu? Nitie sahihi ninyamaze, au nimshtaki baba yangu akiwa kaburini? Kila Jumamosi nanunua samaki wadogo wakavu kwa dada yake Fundi sokoni. Ananiongezea kiganja kimoja juu ya kipimo, ananipa pole ya marehemu mama kwa kumtaja kwa wema, nami siwezi kumtazama usoni.

Binti wa Bel-Air

*

Mwanangu,

Nitaanza na kitambulisho, kwa sababu hicho hakibadiliki kwa kutazama filamu. Mtu anayekwenda kuvuka mpaka wa Kasumbalesa mwaka 1996, katika nchi ambayo askari walikuwa wakisimamisha magari na kudai karatasi kila mahali, haachi kitambulisho chake nyuma. Fundi anayekwenda kutafuta kazi haachi chuma cha kuchomelea, maana hicho ndicho mkono wake wa kulia. Na mama aliyeamini kwamba mpangaji wake yuko Zambia hangeficha vitu hivyo chini ya vitenge kwa miaka 29 huku akimpelekea unga dada yake. Kuhusu kilichompata Fundi, hayo hayatoshi kutwambia. Yanatosha kutwambia kwamba habari aliyopewa dada yake haikuwa ya kweli, na kwamba angalau mtu mmoja katika nyumba yenu alijua hivyo.

Sasa tuje kwenye kichwa chako. Huna wazimu. Kilichokupata kinajulikana vizuri, na kilipimwa mwaka 1974 na watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer. Waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Kundi moja liliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana. Kundi jingine liliulizwa swali lile lile kwa neno kali zaidi, kama vile sisi tungesema yalipopondana. Kundi la tatu halikuulizwa habari za mwendo. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Hata hivyo, kati ya watu 50 waliosikia neno kali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia neno la kawaida, walikuwa 7. Na katika kundi la tatu, 6. Neno moja tu liliwatilia watu vioo machoni, nao hawakuwa wakidanganya.

Wewe hukusikia neno moja. Umekesha usiku baada ya usiku, ukiwa na msiba mpya wa mama, ukitazama damu za watu wengine juu ya mashati ya watu wengine. Kwa hiyo lile shati jeupe uliweke kando, na ile sauti ya Fundi uiweke kando, na usimsimulie mtu yeyote mambo hayo mawili kama mambo uliyoyaona na kuyasikia. Namwamini mume wako katika hili. Na tazama jinsi alivyokusaidia, maana kwa kukumbuka kile ambacho hukusema miaka kumi iliyopita, ameyalinda yale uliyoyasema. Jembe na taa vilikuwapo kabla ya riwaya. Vilikuwapo kabla ya kisanduku kupatikana. Mwombe aketi peke yake, bila wewe kuwapo, aandike kila anachokumbuka kutoka simulizi lako la kwanza, aweke tarehe ya leo na sahihi yake. Nawe uandike yako kabla hujaisoma yake. Andika kwanza yale ambayo macho na masikio yako yalipokea usiku ule, hata kama ni mistari minne tu. Kisha, kwenye karatasi nyingine kabisa, andika uliyoambiwa na watu wazima. Yale uliyoyawaza baadaye yabaki kwenye karatasi ya tatu, ambayo humpi mtu.

Na hizo filamu ziache kwa sasa. Sisemi ni mbaya. Mtu anaweza kuzipenda maisha yake yote asidhurike. Lakini mwandishi wa riwaya analazimika kukupa mwuaji kabla ya ukurasa wa mwisho, na ukiendelea kumsikiliza yeye utamtafutia baba yako nafasi hiyo, iwe ni yake au si yake. Kama usingizi haurudi baada ya wiki mbili tatu, nenda kwa daktari ukamweleze habari za usingizi, bila haja ya kumsimulia lupango.

Umeniuliza kama baba yako aliua. Sijui, na wewe pia hujui, na tafadhali usimruhusu mtu yeyote akulazimishe kujua. Kijana anaweza kufa kwa umeme akiwa kazini na redio, anaweza kufa kwa homa ya usiku mmoja, anaweza kuuawa na mtu mwingine kabisa na mwenye nyumba akaogopa kutwishwa mzigo. Na ninyi mlioishi hapa miaka ile mnakumbuka kwamba kupeleka maiti mbele ya wakubwa kulikuwa njia ya mtu mwenyewe kufungwa. Anaweza pia kuuawa na mwenye nyumba, mtu mpole aliyefundisha watoto kusali. Upole aliokuonyesha wewe ulikuwa wa kweli kwako. Lakini hauthibitishi lolote kuhusu usiku ule, kwa upande wowote.

Jambo ambalo silikubali, nami nalisema waziwazi, ni lile la mwembe. Mwanamke amekaa siku nzima uani akimwulizia ndugu yake, na kitambulisho cha ndugu huyo kimo ndani ya nyumba, hatua chache kutoka alipokaa, naye anapewa unga arudi nao nyumbani. Hata kama kifo chenyewe hakikuwa na mkosaji, kitendo hicho kina mkosaji, na kiliendelea kila mwezi kwa miaka 29. Pauline Boss, mtafiti wa Marekani aliyeshughulika miaka mingi na familia za waliopotea, ameeleza kwamba msiba usio na maiti wala habari haupoi kama misiba mingine, kwa sababu anayesubiri hawezi kulia wala kuacha kusubiri. Sisi tunalijua hilo bila kusoma. Mtu asiyezikwa hawekewi matanga, na dada asiyeweka matanga hutayarisha sahani ya ziada moyoni mwake kila jioni.

Kwa hiyo swali lako la kumshtaki baba kaburini silo. Kwanza haliwezekani: katika sheria ya nchi yetu mashtaka ya jinai hufa pamoja na mshtakiwa. Pili, kifungu cha 24 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka muda wa miaka 10 kwa makosa mazito ya kawaida, mauaji yakiwa ndani yake. Ukipita bila hatua yoyote ya uchunguzi au mashtaka, haki ya kumshtaki mtu inakwisha. Kutoka Agosti 1996, miaka 10 ilitimia Agosti 2006. Yale ambayo hayazeeki ni makosa makubwa ya kivita na ya dhidi ya binadamu, na katika barua yako sioni dalili yake. Dada yake Fundi alitoa taarifa wakati ule, na endapo taarifa hiyo ilifuatwa na uchunguzi rasmi hesabu inaweza kubadilika. Ndiyo maana nataka umwone wakili kabla ya mtu mwingine yeyote. Kama fedha ni tatizo, baraza la mawakili lina ofisi ya ushauri wa bure. Mwulize mambo mawili tu siku ya kwanza: hesabu ya miaka, na namna ya kuizuia saruji.

Maana saruji ndiyo ya haraka. Hakuna muuzaji anayeusakafia uwanja anaouuza, tena yule aliyeomba mchango wa gari la maziko. Usitie sahihi. Mwandikie Yaya na ndugu zako wengine, kwa maneno ya heshima na bila kutaja maiti, kwamba hukubali mauzo wala ujenzi wowote uani mpaka mkutane kama familia, na ubaki na nakala. Usimtumie vitisho kwenye simu. Usimwambie jirani, wala usiandike lolote mahali ambapo watu wengi watasoma, kwa kuwa sheria hiyohiyo inamwadhibu anayemtuhumu mtu hadharani kwa nia mbaya, na kwa sababu Yaya ni ndugu yako.

Zungumza naye uso kwa uso, mchana, mbele ya mtu mzima mmoja wa ukoo mnayemheshimu wote wawili. Anza kwa kumwambia habari ya kifungu cha 24 kama wakili alivyoieleza. Inawezekana kwamba mtu huyu amebeba hofu ya gereza tangu alipokuwa kijana wa miaka 16 aliyepewa jembe na baba yake na kuambiwa achimbe. Inawezekana pia kwamba anachokiogopa ni jina la baba, au bei ya lupango kushuka. Usimwulize, "Mlimuua?" Mwulize, "Baba alikwambia nini wiki ile?" Kisha nyamaza, hata kama kimya kinakuwa kirefu.

Wala usichimbe mwenyewe. Najua utatamani, na pengine umekwisha kusimama uani usiku ukitazama chini. Vichuguu vyetu ni vikongwe. Watafiti waliopima kwa kaboni udongo wa vichuguu vya kandokando ya Lubumbashi wamekuta kwamba vingine vilianza kujengwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Udongo wa namna hiyo ukikatwa shimo na kufukiwa haurudi ulivyokuwa: rangi huchanganyika, ulaini hubadilika, na mtaalamu anaweza kuuona ukingo wa shimo la zamani kama sisi tunavyouona mshono kwenye nguo. Mtu asiyejua akiingiza jembe, anaufumua mshono huo, naye hawezi kuushona tena. Uchimbaji uombwe kwa njia ya wakili kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka, ile tunayoiita parke, ili kitakachopatikana, au kutopatikana, kiandikwe. Kichuguu kikiwa kitupu, nalo utalijua, nawe hutamtuhumu baba yako kwa shimo ambalo halipo.

Kuna jambo jingine umeliandika mwanzoni kabisa, labda bila kulitazama. Umesema kwenye barabara yenu mbwa akibweka kila nyumba hujua ni mbwa wa nani. Basi jembe la usiku, kwenye udongo unaolia kama sufuria, halikusikiwa na mtoto wa miaka minane peke yake. Watu walioishi pale mwaka 1996 walilisikia, wakaona kichuguu kinashuka, wakaona hakuna tanuru, na kila mmoja akavuta pazia lake. Baadhi yao bado wako hai. Mpe wakili majina yao, lakini usiende kuwahoji wewe, kwa sababu utawauliza habari za shati, nao wataanza kuliona.

Kisanduku kitoe juu ya kabati. Usikifute vumbi, usisugue chuma, usiguse tena kitambulisho. Kifunge ndani ya karatasi safi, siyo mfuko wa plastiki, andika juu yake tarehe mliyokipata na watu waliokuwapo, ukipeleke kwa wakili.

Kisha dada yake Fundi. Usimwambie sokoni. Mfuate nyumbani kwake, ukiwa na mume wako na yule mtu mzima wa ukoo, baada ya wakili kukushauri na kabla ya uchimbaji, asije akazisikia habari hizi kutoka kwa wapita njia. Mwambie zile sentensi zako nne, za jembe na taa, na habari ya sanduku la mama. Usimwambie kwamba ndugu yake ameuawa, kwa kuwa hilo hulijui. Mwambie pia kwamba Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inamruhusu ndugu wa mtu aliyeondoka bila habari zake kujulikana kwenda mahakamani ili hali yake itamkwe, na kwamba utakuwa shahidi wake akitaka. Huenda akakufukuza. Huenda akakwambia alijua tangu siku ile ya unga. Yote mawili ni haki yake, na wewe usilie kumshinda.

Akikuomba kisanduku, mweleze kwamba kimehifadhiwa na kwamba kitarudi mikononi mwake. Kisha kaa, umwache aulize.

Mama Mshauri